Akiba ya chuo Marekani: Kuweka ni rahisi, kazi ipo katika kutoa

WAZAZI nchini Marekani wanaoweka akiba ya masomo ya watoto wao chini ya mpango uitwao 529 wanaruhusiwa kutoa fedha hizo bila kulipa kodi ya serikali kuu hata senti moja. Lakini ruhusa hiyo ina masharti yake. Mzazi anayeyapuuza hujikuta akikatwa sehemu ya faida aliyoingoja kwa miaka 15 au 18, na wakati mwingine kutozwa nyongeza juu yake.

Mpango huo umepata jina kutokana na kifungu namba 529 cha sheria ya kodi ya mapato ya nchi hiyo. Unaendeshwa na majimbo, na fedha zake huwekezwa katika hisa na hati fungani kupitia mifuko ya pamoja. Mwaka 2024 jumla ya fedha zilizokuwa katika akaunti hizo ilipita dola bilioni 500.

Suala la kutoa fedha hizo limepata uzito mpya baada ya sheria ya kodi iliyotiwa saini Julai 4, 2025. Sheria hiyo imepanua orodha ya mambo yanayoweza kulipiwa na akiba hiyo bila kodi. Aidha, kuanzia Januari 1, 2026 imeongeza maradufu kiasi kinachoruhusiwa kwa masomo ya shule za msingi na sekondari, kutoka dola 10,000 hadi dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka.

Miongoni mwa wanaoguswa ni familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambazo watoto wao wamekua na sasa wanabisha hodi vyuoni. Kwa familia hizo ada si mchezo. Katika mwaka wa masomo 2024/25, wastani wa ada ya chuo cha umma cha miaka minne kwa mkazi wa jimbo husika ulikuwa dola 11,610, na katika vyuo binafsi visivyo vya kibiashara ulifikia dola 43,350. Hapo chakula na malazi bado havijahesabiwa.

KINACHOTAZAMWA NI FAIDA

Jambo la kwanza ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba kodi inahusu fedha zote zinazotolewa. Sivyo. Mzazi huweka fedha ambazo tayari zimekwisha kulipiwa kodi ya serikali kuu, kwa hiyo mtaji huo hautozwi tena. Kinachotazamwa ni faida.

Hata hivyo, mzazi hawezi kuamua kwamba leo anatoa mtaji peke yake na kuiacha faida. Kila fedha inapotolewa, sheria huigawa kwa uwiano uliopo ndani ya akaunti.

Mfano ni akaunti yenye dola 40,000, ambapo mzazi ameweka dola 25,000 na dola 15,000 zilizobaki ni faida. Faida hapo ni asilimia 37.5 ya fedha zote. Mzazi akitoa dola 20,000, dola 12,500 huhesabiwa kuwa mtaji na dola 7,500 kuwa faida. Kama gharama halali za masomo katika mwaka huo zimefikia dola 20,000 au zaidi, faida hiyo yote husamehewa. Kama gharama ni pungufu, sehemu ya faida inayolingana na upungufu huo huingia katika mapato na kutozwa kodi.

Kila mwanzo wa mwaka, msimamizi wa mpango hupeleka fomu namba 1099-Q kwa aliyepokea fedha, na nakala yake huenda idara ya kodi, IRS. Fomu hiyo hueleza jumla iliyotolewa, faida ni kiasi gani na mtaji ni kiasi gani. Jambo moja ambalo haielezi ni kwamba fedha zilitumika kwa shughuli gani. Kazi ya kuthibitisha hilo ni ya mlipa kodi mwenyewe.

GHARAMA ZINAZOKUBALIKA

Kwa upande wa chuo, gharama zinazokubalika ni ada na michango ya lazima, vitabu, vifaa vya masomo, kompyuta pamoja na programu zake na huduma ya intaneti kama mwanafunzi ndiye anayezitumia. Kompyuta ziliingizwa moja kwa moja katika orodha hiyo kwa sheria ya mwaka 2015.

Chakula na malazi pia vinakubalika, lakini kwa mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo. Anayekaa katika bweni la chuo huhesabiwa kiasi alichotozwa na chuo. Anayepanga chumba mtaani, au anayeendelea kuishi kwa wazazi, hawezi kupita kiwango ambacho chuo chenyewe kimekitaja katika makadirio yake ya gharama za mwanafunzi. Kwa hiyo aliyepanga nyumba ya kifahari kuliko makadirio ya chuo, ziada hiyo ailipe kwa fedha nyingine.

Nauli haimo. Tiketi ya ndege ya kumpeleka mtoto chuoni, mafuta ya gari na gari lenyewe havikubaliki. Bima ya afya nayo kwa kawaida haimo.

Kwa upande wa shule za msingi na sekondari, sheria ya mwaka 2017 iliruhusu ada peke yake kuanzia 2018. Sheria ya Julai 2025 imeongeza vitabu na mitaala, masomo ya ziada yanayotolewa na mwalimu mwenye sifa asiye ndugu wa mwanafunzi, ada za mitihani ya kujiunga na chuo na tiba maalumu za kielimu kwa wanafunzi wenye ulemavu.

Sheria hiyohiyo imefungua mlango kwa mafunzo ya ufundi na vyeti vya taaluma. Mtu anayesomea cheti kinachotambuliwa, kwa mfano katika uchomeleaji au huduma za afya, anaweza kulipia mafunzo, vitabu na mtihani kwa akiba hiyo, mradi kozi iwe katika orodha zinazokubaliwa na sheria. Kabla ya hapo, chuo ambacho hakikustahili kushiriki katika misaada ya wanafunzi ya serikali kuu hakikuguswa na msamaha huu, isipokuwa kwa mafunzo ya uanagenzi yaliyosajiliwa, ambayo yaliingizwa mwaka 2019.

GHARAMA MOJA HAIHESABIWI MARA MBILI

Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Gharama iliyokwisha kulipiwa na ufadhili usiotozwa kodi haiwezi tena kutumiwa kuhalalisha fedha zilizotolewa katika akiba. Vilevile, gharama iliyotumiwa kudai nafuu ya kodi ya masomo haiwezi kutumika mara ya pili.

Nafuu kubwa zaidi ni ile iitwayo American Opportunity. Hutolewa kwa miaka minne ya kwanza ya chuo, nayo hukatwa moja kwa moja kwenye kodi ya mzazi. Dola 2,000 za kwanza za ada na vitabu hurudishwa zote, na dola 2,000 zinazofuata hurudishwa robo, hivyo jumla huwa dola 2,500 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja huipata yote kama mapato yao hayazidi dola 160,000, na huikosa kabisa yakifika dola 180,000.

Turudi kwenye akaunti ile ya dola 40,000. Mwanafunzi ana gharama za dola 20,000 kwa mwaka: ada dola 9,000, vitabu na kompyuta dola 1,500, malazi na chakula dola 9,500. Amepata ufadhili wa dola 4,000 uliolipia sehemu ya ada, na mzazi amedai nafuu ya American Opportunity kwa dola 4,000 nyingine. Zinazobaki kwa ajili ya akiba ni dola 12,000 tu.

Mzazi asiyelijua hilo akatoa dola 20,000 kwa kuwa ndiyo bei ya chuo, amezidisha dola 8,000. Kati ya faida ya dola 7,500 iliyotoka, dola 4,500 husamehewa na dola 3,000 huingia katika mapato. Akiwa katika daraja la kodi la asilimia 22, atalipa dola 660.

Hesabu hiyo isimtishe mtu akaiacha nafuu ya kodi. Faida iliyomo katika zile dola 4,000 zilizotengwa kwa ajili ya nafuu ni dola 1,500, na kodi yake kwa mzazi huyo ni dola 330. Nafuu anayoipata ni dola 2,500. Mzazi mwenye hesabu nzuri hutenga kwanza dola 4,000 za ada azilipe kwa fedha za mfukoni, adai nafuu yote, kisha atoe katika akiba kiasi kinachobaki na si zaidi.

NANI APOKEE HUNDI

Swali lingine ni jina gani liandikwe kwenye hundi. Fedha zikipelekwa moja kwa moja chuoni au kwa mwanafunzi, fomu ya 1099-Q hutoka kwa jina la mwanafunzi. Zikipelekwa kwa mzazi mwenye akaunti, fomu hutoka kwa jina la mzazi, na kodi yoyote itakayojitokeza humwangukia yeye kwa daraja lake.

Mara nyingi daraja la mwanafunzi ni la chini. Katika mfano wa dola 3,000 za faida inayotozwa kodi, mwanafunzi tegemezi asiye na mapato mengine angekuwa na kiasi cha dola 1,350 kisichotozwa kwa hesabu za mwaka 2025. Dola 1,350 zinazofuata zingetozwa asilimia 10, na zile zinazopita dola 2,700 zingetozwa kwa daraja la mzazi, kwa kuwa sheria haitaki wazazi wafiche mapato nyuma ya watoto. Jumla ingekuwa dola 201. Tofauti ya dola 459 inatokana na jina lililoandikwa kwenye hundi, wala si jambo jingine.

Babu na bibi wenye akaunti kwa ajili ya wajukuu nao wamepata unafuu. Tangu mwaka wa masomo 2024/25, fomu ya maombi ya misaada ya wanafunzi, FAFSA, haiulizi tena fedha zilizotoka katika akaunti ya babu au bibi. Zamani fedha hizo zilihesabiwa kuwa mapato ya mwanafunzi na kumpunguzia msaada. Akaunti ya mzazi bado huhesabiwa kama mali yake, kwa kiwango kisichozidi asilimia 5.64.

DESEMBA NA JANUARI

Kodi ya Marekani huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, wakati mwaka wa masomo huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei. Hapo ndipo unapoanza mkanganyiko.

Chuo kinaweza kupeleka bili ya muhula wa pili mwezi Desemba. Mzazi akailipa Desemba kwa kadi ya benki, kisha akatoa fedha katika akiba mwezi Januari ili kujirudishia. Kwa utaratibu uliozoeleka, fedha zilizotolewa hulinganishwa na gharama zilizolipwa ndani ya mwaka huohuo. Malipo ya Desemba yamebaki mwaka wa nyuma, na fedha za Januari zimeingia mwaka mpya zikiwa hazina gharama ya kuzihalalisha. Kama gharama nyingine za mwaka huo mpya hazitatosha, faida itatozwa kodi ingawa kila dola ilikwenda chuoni.

Upo pia muda wa kurekebisha. Mwanafunzi akiacha somo au chuo kikarudisha fedha, kama vyuo vingi vilivyorudisha fedha za malazi mwaka 2020 wakati wa janga la korona, kiasi kilichorudishwa kinaweza kuwekwa tena katika akaunti ya mwanafunzi huyo ndani ya siku 60 bila kodi. Siku hizo zikipita, fedha zilizorudishwa zinageuka kuwa fedha zilizotolewa bila gharama ya masomo.

NYONGEZA YA ASILIMIA 10

Anayetoa fedha kwa shughuli isiyohusiana na masomo hulipa kodi ya kawaida kwenye faida, na juu yake nyongeza ya asilimia 10 ya faida hiyo.

Mzazi mwenye akaunti ileile ya dola 40,000 akitoa dola 10,000 kutengeneza paa la nyumba, faida iliyomo ni dola 3,750. Kwa daraja la asilimia 22 kodi ni dola 825, na nyongeza ni dola 375. Jumla ni dola 1,200 kwa serikali kuu, na jimbo nalo linaweza kudai chake. Zile dola 6,250 za mtaji haziguswi. Kwa hiyo anayebanwa na shida ya kweli hapotezi kila kitu kama wengine wanavyoogopa, ila ajue bei yake kabla hajatia saini.

Nyongeza hiyo husamehewa katika hali kadhaa. Husamehewa mwanafunzi akifariki au akipata ulemavu, akijiunga na vyuo vya kijeshi vya serikali kuu, au akipata ufadhili, lakini kwa kiasi kisichozidi ufadhili huo. Husamehewa pia pale kodi ilipotokea kwa sababu gharama zilitumika kudai nafuu ya American Opportunity. Ndiyo maana mzazi wa mfano wa kwanza, aliyezidisha dola 8,000, halipi nyongeza: dola 4,000 zinafunikwa na ufadhili na 4,000 nyingine na nafuu. Analipa kodi ya kawaida tu.

MAJIMBO YANA SHERIA ZAO

Msamaha wa serikali kuu haumaanishi msamaha wa jimbo. New York humruhusu mkazi wake anayechangia mpango wa jimbo kupunguza mapato yanayotozwa kodi hadi dola 5,000 kwa mwaka, au dola 10,000 kwa wanandoa. Indiana hutoa nafuu ya asilimia 20 ya michango, isiyozidi dola 1,500. California haitoi chochote kwa mchangiaji, na anayetoa fedha kwa shughuli zisizo za masomo huongezewa asilimia 2.5 ya faida juu ya ile 10 ya serikali kuu. Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya watu binafsi, hivyo wakazi wake hawana hesabu ya pili ya kufanya.

Tofauti kubwa zaidi ipo katika shule za msingi na sekondari. California na New York hazikuifuata serikali kuu katika kuruhusu akiba hiyo ilipie ada za shule hizo. Mzazi wa New York anayetoa dola 10,000 kulipia sekondari ya binafsi yuko salama mbele ya IRS, lakini jimbo linaweza kutoza faida na kudai lirudishiwe punguzo lililompa wakati akiweka. Ongezeko la kufikia dola 20,000 limelifanya pengo hilo kuwa kubwa zaidi kwa wanaotumia kiwango chote.

SOKO LIKISHUKA

Akiba hii haina dhamana ya kupanda. Wengi huchagua mfuko unaobadilika kwa umri wa mtoto, ambao huanza na hisa nyingi na kuhamia polepole kwenye hati fungani kadiri chuo kinavyokaribia. Mwaka 2022 hata kinga hiyo ilivuja. Kipimo cha hisa cha S&P 500 kilishuka kwa asilimia 19, na hati fungani, zilizotegemewa kuwa kimbilio, zilipoteza karibu asilimia 13. Familia zilizokuwa na bili ya chuo mwaka huo zilitoa fedha soko likiwa chini.

Kwa upande wa kodi, mwaka wa namna hiyo una hesabu yake. Akaunti ambayo thamani yake imeshuka chini ya mtaji haina faida, na fedha zikitolewa hakuna cha kutoza. Lakini hasara yenyewe mzazi hubaki nayo. Zamani aliyefunga akaunti kwa hasara aliweza kuidai miongoni mwa makato madogo madogo. Makato hayo yaliondolewa kuanzia 2018, na sheria ya 2025 imeyafuta moja kwa moja. Zaidi ya hayo, mwenye akaunti anaruhusiwa kubadili uwekezaji wa fedha zilizomo mara mbili tu kwa mwaka, hivyo hawezi kukimbizana na soko kila wiki.

ULIKOTOKA MSAMAHA HUU

Mipango hii ilianzia katika majimbo. Michigan ilipitisha sheria ya mfuko wake wa kulipia ada kabla ya wakati mwaka 1986, na ilianza kuuza mikataba mwaka 1988. IRS iliona mfuko huo una mapato yanayostahili kodi, na mgogoro ukafika mahakamani. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa iliupa mfuko ushindi. Bunge la Marekani likafuata mwaka 1996 kwa kuandika kifungu namba 529.

Hata hivyo, kwa miaka ya mwanzo kodi iliahirishwa tu. Fedha zilipotolewa, faida ilitozwa kwa daraja la mwanafunzi. Msamaha kamili ulikuja kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2002, tena kwa muda, kwani ulipangwa kumalizika mwishoni mwa 2010. Ni sheria ya mwaka 2006 iliyoufanya wa kudumu.

Neno kudumu nalo lina mipaka yake. Januari 2015 serikali ya Rais Barack Obama ilipendekeza faida ya michango mipya ianze tena kutozwa kodi, kwa hoja kwamba msamaha huo unawanufaisha zaidi wenye kipato kikubwa. Kelele zilizozuka katika vyama vyote viwili zilikuwa kubwa, na pendekezo likaachwa kabla mwezi haujaisha. Hoja yenyewe haikufa: familia yenye uwezo wa kuweka fedha nyingi mapema, na iliyo katika daraja kubwa la kodi, ndiyo inayosamehewa zaidi.

MASOMO NYUMBANI AFRIKA

Familia za Afrika Mashariki zilizoko huko zina swali lao: je, akiba hiyo inaweza kumlipia mtoto anayerudi kusoma Nairobi, Kampala au Dar es Salaam? Jibu linategemea chuo. Sheria inakubali vyuo vya nje vilivyoidhinishwa kushiriki katika misaada ya wanafunzi ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na kila chuo kilichoidhinishwa kina namba yake katika orodha ya serikali. Chuo kisicho na namba hiyo, hata kiwe na sifa ya namna gani nyumbani, hakikubaliki. Orodha itazamwe kabla ya kutoa fedha.

Mwenye akaunti anaweza pia kubadili jina la mnufaika bila kodi, mradi mnufaika mpya awe ndugu wa yule wa zamani kwa maana ya sheria. Ndugu wa tumbo moja, mpwa na binamu wa kwanza wamo. Kikwazo kwa ndugu aliyeko Afrika ni kwamba mnufaika anatakiwa awe na namba ya utambulisho wa kodi ya Marekani, na chuo chake kiwe katika orodha ileile.

FEDHA ZIKIBAKI

Mtoto anaweza kupata ufadhili mkubwa, kuchagua chuo cha bei nafuu au kuacha masomo. Zamani mzazi aliyebaki na fedha alikuwa na njia mbili: kubadili mnufaika au kulipa kodi na nyongeza. Sasa zipo nyingine.

Tangu sheria ya mwaka 2019, dola 10,000 katika maisha ya mnufaika zinaweza kulipia mkopo wake wa masomo, na kiasi kama hicho kwa kila ndugu yake wa tumbo moja. Tangu mwaka 2024, zinaweza pia kuhamishiwa katika akaunti yake ya uzeeni aina ya Roth IRA, zisizidi dola 35,000 katika maisha yake. Akaunti ya akiba lazima iwe na umri wa miaka 15, michango ya miaka mitano ya mwisho na faida yake haiguswi, na kila mwaka uhamisho hauwezi kupita kiwango cha kawaida cha kuchangia Roth, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 7,000. Kwa kiwango hicho, kuhamisha dola 35,000 huchukua miaka mitano. Mnufaika naye lazima awe na mapato ya kazi ya kiasi hicho.

Kwa sababu ya sharti la miaka 15, wapo wanaofungua akaunti kwa fedha kidogo mtoto anapozaliwa ili muda uanze kuhesabika. Anayeifungua mtoto akiwa kidato cha mwisho atangoja mpaka mtoto huyo apite umri wa miaka 30.

DAFTARI KWANZA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mpango huu msemo huo una thamani ya fedha taslimu. IRS inayo fomu inayoonyesha fedha zimetoka, na chuo huipelekea fomu nyingine, 1098-T, inayoonyesha ada iliyolipwa na ufadhili uliopokelewa. Risiti za vitabu, kompyuta, kodi ya chumba na chakula zinabaki kwa familia, na bila hizo sehemu kubwa ya gharama halali haina ushahidi.

Hesabu ya kila mwaka ni fupi ikifanywa kwa mpangilio wake. Kwanza gharama zote zilizolipwa ndani ya mwaka huo zijumlishwe. Kisha utolewe ufadhili, na zitolewe dola 4,000 za nafuu ya kodi kama familia inastahili. Kinachobaki ndicho kiasi cha kutoa katika akiba, kabla ya Desemba 31, kwa hundi iliyoandikwa jina la mwanafunzi au la chuo. Mzazi anayesubiri hadi Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu, hukuta mwaka umekwisha kufungwa na hakuna tena cha kurekebisha.